Kabla ya kusaini fomu, tuelezwe maisha baada ya upasuaji wa moyo

Mhariri,

Kila mnapoandika habari za upasuaji wa moyo hufurahi kuona Watanzania wakitibiwa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kwa maradhi ambayo zamani yalimlazimu mgonjwa kusubiri rufaa ya kwenda India. Hata hivyo, habari hizo huishia pale mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, na mimi nimejifunza kwamba uamuzi mzito zaidi unahusu yanayofuata baada ya hapo.

Mlango wa moyo unaopitisha damu kuingia kwenye mshipa mkuu wa aota huwa na vipande vitatu vinavyofunguka na kufunga. Wangu ulikuwa na viwili tangu nizaliwe, kasoro inayokadiriwa kumpata mtu 1 hadi 2 katika kila watu 100. Utotoni daktari alisikia mlio usio wa kawaida kifuani, mama akaambiwa nisikimbizwe sana, basi. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa. Nilipofika miaka 33 nilianza kukosa pumzi nikipanda ngazi, kisha siku moja nikazimia mbele ya wanafunzi. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba mlango ule umekakamaa na njia ya damu imekuwa nyembamba.

Kwamba nilihitaji upasuaji, na mapema, sikubishana nako, kwa sababu mgonjwa wa aina yangu akishaanza kuzimia, kungoja ndiko kunakoua. Lakini katika hospitali niliyoanzia niliwekewa fomu mezani na kuulizwa kama nataka valvu, yaani mlango mpya wa moyo, ya chuma au ya mnyama, nami sikuwa na hata chembe ya maarifa ya kujibu. Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja, tukiwa tumesimama koridoni. Valvu ya chuma hudumu muda mrefu sana, lakini anayewekewa hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na hupimwa damu mara kwa mara ili dozi isizidi wala kupungua. Hata mboga zetu za kila siku, mchicha na kisamvu, huathiri nguvu ya dawa hiyo; si kwamba zimekatazwa, ila kiasi chake kisiwe kinapanda na kushuka. Zaidi ya yote, warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Valvu ya mnyama kwa kawaida haihitaji dawa hiyo ya maisha, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi kuliko kwa mzee, hivyo kifua huenda kikafunguliwa tena.

Sina mtoto bado, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Niliomba siku chache, na daktari wa pili akakaa nami na mume wangu kwa zaidi ya saa nzima. Mama mkwe alitaka kujua kama valvu hiyo inatokana na nguruwe. Daktari akamjibu kwa heshima kwamba zipo zinazotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, na nyumbani kukatulia. Kwetu pwani jambo hilo si dogo, na mtaalamu asisubiri hadi mgonjwa aone haya kuliuliza. Nilichagua ya ng'ombe, nikijua kwamba huenda nikarudi kwenye meza ya upasuaji, kwa sababu natamani kuzaa na kwa sababu kipimo cha damu kinachohitajika ningekifuata kwa safari ya basi ya nusu siku.

Ninaziomba hospitali zetu zitenge siku ya mazungumzo kabla ya siku ya kusaini, ndugu wakiwepo, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili ili mgonjwa ayasome nyumbani. Wizara nayo ikifikishe kipimo hicho cha damu katika hospitali za wilaya. Aidha, wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wapimwe eko, kwani kasoro hii hurithiwa katika baadhi ya familia. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kulalamika hata kikohozi, amekutwa nayo. Atapimwa tena mwakani, na swali la chuma au mnyama tumeshaanza kulizungumza naye jioni, bila haraka, wakati bado ana afya yake.

Mwalimu,
Tanga