Kukata kichwa cha mti si kuupogoa

Mhariri,

Masika yakikaribia, miti ya kandokando ya barabara Dar es Salaam hunyolewa. Mwarobaini au mkrismasi uliokuwa ukifunika magari mawili kwa kivuli hubaki nguzo yenye vidole vitatu, na sababu tunayopewa ni usalama. Ukweli ni kwamba hatari haiondolewi hapo, inaahirishwa.

Tawi nene likikatwa katikati, moyo wake huachwa wazi, kuvu wakaingia na uozo ukashuka kuelekea shina. Mti nao, ukiwa umenyang'anywa majani yanayoulisha, hutoa machipukizi mengi kuzunguka kidonda. Hukua upesi na kupendeza macho, lakini yameshikiliwa na tabaka la nje tu, hayana mzizi ndani ya mti kama tawi la asili. Miaka michache baadaye yamekuwa mazito, na kisiki yanachokalia kimeoza. Hayo ndiyo yanayoangukia magari.

Tawi linalostahili kuondoka likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza uanzie chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, msumeno uingie theluthi moja tu ya unene. Wa pili utoke juu, sentimita tano hivi mbele ya ule wa kwanza, upande wa ncha ya tawi. Tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu uondoe kisiki, nje kidogo ya ule uvimbe wenye mikunjo pale tawi linapotokea. Uvimbe huo usiguswe kabisa. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua magogo kwa msumeno wa mnyororo akaonyesha kwamba mti hauponyi sehemu iliyooza: huizungushia ukuta, kisha huota mti mpya juu yake. Anayekata uvimbe ule hadi usawa wa shina anaubomoa ukuta huo. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii uozo, na panga libaki kwa ua wa michongoma.

Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani. Mti mzee, pungufu ya hapo. Matawi makavu yanaweza kutolewa wakati wowote.

Kuna na hili la zege kumiminwa hadi kwenye gome. Mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi na huhitaji hewa. Zege lifumuliwe angalau mita moja kila upande, nafasi hiyo itandazwe majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina.

Ombi letu kwa wanaotoa zabuni: mkataba usihesabu malori ya matawi yaliyozolewa. Ulipe kwa mti, baada ya mkaguzi kuiangalia mikato ngazi ikiwa bado imeegemezwa.

Watunza bustani,
Dar es Salaam