Dadangu wa Maskati, ndege wenu wako huku

Dadangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza Gede kuna jipya gani, nikakujibu "joto tu." Nilikuibia habari.

Jana maji yalipokupwa nilishuka hori ya Mida, nikapita lile daraja la kamba katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, nikakaa. Mbele yangu matope matupu, na juu yake kundi la ndege weupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama jambia. Kaa akichungulia tu, ameliwa. Basi hao, waitwao kwa Kiingereza crab plover, ni wenu. Huzaliana kwenye fukwe za mchanga za Bara Arabu, Oman ikiwemo, kati ya Aprili na Agosti. Huchimba shimo, jike hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Joto lilelile unalolilalamikia wewe kila siku! Kisha huja kwetu na watoto wao, na hata huku utaona kinda aliyekwisha kuwa mkubwa akimfuata mzazi, analia apewe kaa. (Sitaji mtu.)

Jioni keremkerem wekundu walirudi kulala mikokoni. Hao sikuelezei, rangi ile haisimuliki.

Vipepeo nao bado wapo, vuli iliacha msitu na majani mabichi. Kwenye tope la njiani wanatua madume kwa madume, wananyonya chumvichumvi. Wale wakubwa waendao kasi hawataki maua. Wao hunaswa kwa ndizi iliyochacha, walevi wale. Jirani yetu bado anafuga viwavi kwa ajili ya Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, wakati wengi hapa walitaka msitu wetu wa Arabuko-Sokoke ukatwe uwe mashamba. Leo msitu ukifyekwa, jirani atawatoa wapi vipepeo wa kumtagia mayai?

Kiwavi akishajifunga na kugeuka wanamwita pupa, na kweli ni kazi ya pupa: siku chache tu kipepeo anatoka, kwa hiyo hufungwa upesi na kupandishwa ndege, ile ya chuma, kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Jirani anasema watoto wa msitu wetu wamezunguka dunia kumshinda yeye.

Kesho maji yakipwa nitakupigia nikiwa palepale kibandani. Usiseme kitu, sikiliza tu wanavyopiga kelele.

Nduguyo,
Gede