Malalamiko: pampu mpya na nozeli nne mpya, kumbe ni mpira uliopasuka

Kwa Meneja wa Huduma,
Idara ya Matengenezo ya Magari.

YAH: UCHUNGUZI MBOVU WA PIKAPU YA DIZELI ILIYOPOTEZA NGUVU

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Pikapu hii ya silinda nne, yenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na mfumo wa komoni reli (bomba moja la presha kubwa, yaani reli, linalolisha nozeli zote dizeli), imeletwa kwenu mara tatu kwa tatizo lile lile: haivuti. Dalili zimeandikwa kwenye kadi ya kazi tangu siku ya kwanza. Ikiwa tupu kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ikibeba mzigo au ikianza kupanda mlima, inachoka kuanzia mizunguko 2,000 kwa dakika, inatoa moshi mweusi mzito, kisha taa ya injini inawaka na kompyuta inaibana isiongeze mwendo. Ukizima na kuwasha tena inakuwa nzuri, mpaka mlima unaofuata.

Safari ya kwanza mlibadilisha filta ya dizeli, na hiyo hatuilalamikii kwa kuwa muda wake ulikuwa umefika. Safari ya pili mkafunga pampu mpya ya presha. Safari ya tatu, nozeli zote nne. Kasoro ikaja kupatikana nje ya gereji yenu ndani ya nusu saa: mpira unaopeleka hewa kutoka intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) hadi manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) ulikuwa umepasuka upande wa chini, karibu na klampu, ufa wa sentimita 4. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ufa huo unajifumba na hausikiki. Turbo ikianza kusukuma, mpira unavimba na ufa unafunguka.

Hatusemi fundi wenu alipaswa kuotea mpira huo kwa macho. Tunalalamikia kwamba vipimo vilivyochukuliwa na mashine yenu wenyewe vilikuwa vinaonyesha kosa liko upande wa hewa, na ninyi mkaendelea kununua vipuri vya upande wa mafuta.

Tuanze na moshi. Injini ya dizeli isiyopata mafuta ya kutosha inapoteza nguvu bila kutoa moshi wa maana. Moshi mweusi chini ya mzigo maana yake mafuta yapo na hewa ya kuyaunguza ni pungufu. Hapa hewa ilikuwa inapita kwenye sensa ya hewa, inahesabiwa, halafu inatorokea njiani baada ya turbo. Kompyuta ikawa inamwaga dizeli kwa hesabu ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda. Nozeli inayovuja nayo hutoa moshi mweusi, tunakubali, lakini kwa kawaida huambatana na kugonga au sailensa isiyotulia, na mambo hayo hayamo kwenye kadi yenu ya mwanzo.

Pili, msimbo wa hitilafu. Kadi zenu mbili za kwanza zinaonyesha P0299, yaani turbo haifikishi presha inayotakiwa. Mmeufuta mara mbili na kuandika "imefutwa, gari lijaribiwe". Msimbo wa presha ya reli kuwa chini, P0087, haukuonekana hata mara moja. Kwenye karatasi mliyochapisha kabla ya kubadilisha pampu, presha ya reli gari likivuta ilikuwa MPa 158 wakati kompyuta ilikuwa inaomba MPa 160. Pampu inayofikisha kiasi hicho chini ya mzigo haina kosa. Kwa nini ilitolewa?

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu tunadhani linawahusu wateja wengine pia. Karatasi hiyo hiyo inaonyesha presha ya manifoldi kPa 140 gari likiwa limekanyagwa mafuta mpaka mwisho, na fundi ameandika pembeni: "turbo inatoa 140, iko sawa". Sensa ya manifoldi inasoma presha kamili, pamoja na ile ya hewa ya kawaida inayotuzunguka. Ukiweka swichi bila kuwasha injini, inatakiwa isome karibu kPa 100 usawa wa bahari, na karibu kPa 80 kwenye mwinuko wa mita 2,000. Kwa hiyo 140 yenu, ukitoa 100, inabaki 40 tu ya turbo. Kwenye mstari unaofuata, kompyuta ilikuwa inaomba 220. Upungufu wa kPa 80 ulikuwa mbele ya macho, ukapigwa tiki.

Upungufu huo haumaanishi moja kwa moja kwamba turbo imekufa. Sababu zinazojulikana ni chache: mpira au intakula inayovuja, bomba jembamba la vakyumu (mvuto wa hewa unaoongoza turbo) lililopasuka, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, mabapa ya turbo (yanayoelekeza moshi unaoizungusha) yaliyoshikwa na masizi, au filta ya hewa iliyoziba. Zote hupimwa kwa muda mfupi, na nyingi bila kufungua kitu kikubwa. Cha kuanza nacho ni kuziba mdomo wa mpira unaotoka kwenye filta ya hewa, kuingiza hewa ya kompresa kupitia regyuleta isiyozidi bar 1, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Hewa kidogo itatorokea kupitia kipumuo cha injini, hilo ni la kawaida. Povu kwenye mpira si la kawaida. Na hata kabla ya sabuni, mpira huu ulikuwa na doa la oili lililoshika vumbi pale pale kwenye ufa, mkono ungelipata.

Kuhusu nozeli, hakuna kumbukumbu ya kipimo cha mafuta yanayorudi. Chupa nne, moja kwa kila nozeli, na injini iliyopata moto zingetosha kulinganisha silinda moja na nyingine. Isitoshe, nozeli mpya zimefungwa bila kuingiza kwenye kompyuta namba za marekebisho zilizochongwa juu yake, zinazoijulisha kila nozeli inamwaga mafuta kwa kiasi gani. Kompyuta bado ina namba za zile za zamani. Ndiyo maana sasa sailensa inatetemeka, tatizo ambalo gari halikuja nalo.

Tunaomba yafuatayo yafanyike ndani ya siku 14. Mturudishie gharama zote za pampu na kazi ya kuifunga. Pampu na nozeli za zamani tukabidhiwe. Tulizidai siku ya kuchukua gari tukaambiwa zimeshatupwa, jibu ambalo halikubaliki kwa vipuri vya thamani hiyo. Nozeli za zamani zipimwe kwenye mashine ya majaribio mbele yetu: ikiwa zilikuwa nzima, gharama ya zile mpya irudi pia, na ikiwa zilikuwa mbovu tutalipa bila ubishi. Namba za nozeli mpya ziingizwe bila malipo.

Pia mkague uchezaji wa shafti ya turbo na kutuandikia matokeo. Turbo imeendeshwa muda mrefu ikizunguka kupita kiasi ili kufidia hewa iliyokuwa inavuja, na bushi zake huenda zimelika. Masizi yaliyojaa kwenye EGR katika kipindi hicho yasafishwe, na kimo cha oili kikaguliwe kwa dipstiki, kwani dizeli isiyoungua hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Mpira umeshabadilishwa, na presha ya manifoldi kwenye mlima ule ule sasa inafika kPa 218. Karatasi ya vipimo hivyo, pamoja na nakala za kadi zenu tatu, tumeziambatanisha.

Wenu,

Msimamizi wa Magari
Fundi Mkaguzi