Mama Zuhura, usitie sahihi kwanza

Columbus, Ohio
14 Septemba 2025

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kuchungulia asubuhi. Nilifurahi mno juzi uliponiambia kwenye simu kuwa tarehe 31 Oktoba ndiyo siku yako ya mwisho kazini. Miaka 22 ya kuamka saa kumi alfajiri inatosha. Lakini kuna neno ulilisema likanikosesha usingizi: kwamba ofisini wamekwambia usijali, bima ya kazini utaendelea nayo miezi 18 kwa COBRA, na hiyo Medicare, bima ya afya ya serikali kwa sisi wa miaka 65 na zaidi, utaitazama baadaye. Shoga yangu, karatasi hiyo usiitie sahihi kwanza.

COBRA ni bima ileile ya kazini, ila sasa unailipia yote wewe, pamoja na fungu alilokuwa akikutolea tajiri. Hilo la bei ni dogo. Kubwa ni kwamba Medicare haiihesabu kuwa bima ya mtu aliye kazini. Kwa kuwa umeshapita miaka 65, ukiacha kazi unapewa miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari, na hesabu inaanza kazi inapokwisha, hata kama COBRA bado unayo. Ukikaa nayo miezi yote 18, nafasi imekupita zamani. Itabidi ungoje Januari hadi Machi ndipo uandikwe, katikati hapo huna bima, na ada ya B itapandishwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliochelewa, muda wote utakaokuwa nayo. Tena kwa watu wa umri wetu COBRA hujihesabu mlipaji wa pili. Inaweza kukataa kulipa fungu ambalo Medicare ingelipa, hata kama hiyo Medicare hujaichukua.

Mimi yangu yalikuwa kinyume, niliwahi mno. Nilipotimiza miaka 65, bado nikipika kule nyumba ya wazee, mtu wa ofisini aliniambia nichukue zote mbili, Sehemu A ya hospitali na hiyo B. Nikachukua. A haina neno, sisi tuliokatwa kodi kazini miaka kumi au zaidi hatuilipii ada. Lakini B nilikatwa kila mwezi kwa miaka miwili na ushei, huku bima ya kazini ndiyo iliyokuwa ikilipa kwanza. Pesa hizo nimeshazisamehe. Kilichoniuma ni ile miezi sita. B yako ikianza, ukiwa na miaka 65 au zaidi, unapata miezi sita ya kununua bima ya nyongeza, wenyewe wanaiita Medigap, bila kuulizwa una ugonjwa gani. Katika muda huo kampuni haiwezi kukukataa wala kukuongezea bei kwa sababu ya sukari au presha. Miezi yangu sita ilipita nikiwa jikoni nakoroga uji, sijui hata kama ipo. Nilipostaafu nikaenda kuomba, nikapewa maswali kurasa nzima: sukari, goti, dawa ninazomeza. Kampuni mbili zikanikataa. Nililia ndani ya gari, Mama Zuhura. Sasa niko kwenye Advantage, Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi yenye madaktari wake, na nashukuru nina hiyo, ila daktari aliyenitibu goti miaka yote hayumo kwenye orodha yao.

Wewe hukuchukua B, kwa hiyo miezi yako sita haijaguswa. Ndiyo maana nakusihi. B yako ianze tarehe 1 Novemba, siku ya pili yake baada ya bima ya kazini kukoma. Fomu ni mbili: CMS-40B unaijaza wewe, CMS-L564 anaijaza mwajiri kuthibitisha kuwa ulikuwa na bima yake. Hiyo ya pili ipeleke wiki hii, maana ndiyo inayolala mezani kwa watu. Kisha zote mbili zipeleke ofisi ya Social Security.

Usije ukaona nyongeza ni anasa. B inalipa asilimia 80 ya matibabu ya daktari, baada ya wewe kutoa dola 257 za mwanzo wa mwaka (hesabu ya 2025), na ile asilimia 20 inayobaki haina kikomo. Kwa kupimwa presha utaimudu, kwa saratani itakula nyumba. Ukilazwa, kwa hesabu ya 2025 unatoa dola 1,676 kabla A haijaanza kulipa, na zinaweza kukurudia zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mpango G wa Medigap unabeba hayo yote isipokuwa zile 257. Mpango N kwa kawaida ada yake ni nafuu, ila kila ukimwona daktari unaweza kutoa hadi dola 20. Hapo Texas, G ya kampuni yoyote inakulipia mambo yaleyale kwa sheria, kwa hiyo wakala akikusifia ya kwake, muulize bei tu, na inapandaje umri ukizidi. B yenyewe unaendelea kuilipia, dola 185 kwa mwezi mwaka huu wa 2025. Dawa hazimo, chukua Sehemu D kabla siku 63 hazijapita.

Halafu Tanga. Najua kila Desemba uko kwa mama. Medicare kwa kawaida haivuki bahari. G inavuka kidogo: dharura tu, asilimia 80 baada ya dola 250, siku 60 za mwanzo wa safari, na isizidi dola 50,000 maisha yako yote. Wewe hukaa miezi mitatu. Huo mwezi wa tatu ununulie bima ya safari, tafadhali.

Baba Zuhura ana 61, Medicare bado, na Medigap ni ya mtu mmoja mmoja. COBRA hiyo anaweza kuichukua yeye peke yake, inaruhusiwa. Au mtazameni soko la bima la serikali ndani ya siku 60, mlinganishe bei. Washauri wa HICAP hapo kwenu wanasaidia bure na hawauzi kitu.

Jumapili baada ya adhuhuri nipigie, fomu uwe nazo mkononi, tuzijaze pamoja mstari kwa mstari. Nisalimie shemeji na Zuhura.

Wako,
Mama Idi