Kwa mwanangu, kabla hujafunga begi

Mwanangu,

Tangu jana begi lako liko mlangoni na mimi kusema nashindwa, ndiyo maana naandika. Usiisome mbele ya wadogo zako.

Nilipolalamika kwamba unakwenda mbali kuwa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani chuoni, ulinitajia Nick Saban, yule kocha maarufu wa mchezo huo, ukadhani nitanyamaza. Nimemsoma mtu wako. Makombe 7 ya taifa, 1 akiwa chuo cha LSU kule Louisiana na 6 chuo cha Alabama, hakuna kocha wa futiboli wa vyuo vikubwa aliyempita. Haya, heshima yake nampa. Lakini wakati wewe unanisimulia makombe, mimi nahesabu nyumba alizohama. Alianzia hapa jirani, chuo cha Kent State, Ohio, msaidizi huku anasoma, kama utakavyokuwa wewe. Halafu vyuo vya Syracuse, West Virginia, Ohio State, Navy, zote hizo kati ya 1977 na 1982! Mkewe Terry alipata lini nafasi ya kutundika pazia? Bado Michigan State, Houston, Toledo, Cleveland, Michigan State tena, LSU, Miami. Alabama alifika 2007, ana miaka 55. Ndipo akatulia.

Sisi tumehama vya kutosha. Uvira kule Kongo na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania unazijua, sizirudii. Na usiniambie ni hiari yako, maana wewe mwenyewe ulinieleza, tena unacheka, kwamba kocha mkuu akifukuzwa mara nyingi wasaidizi wanafukuzwa naye hata kama kazi yao waliifanya vizuri. Mimi sikucheka.

Na lile la Miami. Desemba 2006, akiwa bado kocha wa timu ya Miami, aliwaambia waandishi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Januari akaenda. Eti ndiyo kazi ilivyo. Ukilazimika kuhama, hama, lakini wale vijana utakaowafundisha wasikie kwako kwanza, wasisome kwenye simu.

Baba yake Saban nilimpenda. Alikuwa na kituo cha mafuta kule West Virginia, mtoto akiosha gari likabaki na doa, anarudia gari zima. Wewe hata sufuria hurudii. Mzee huyo alifariki 1973 na miaka yake 46, kijana ndiyo kwanza anaanza kazi. Baba yako presha imepanda tena, hatakuambia. Kwa hiyo Jumapili piga simu, hata kama mmefungwa mechi.

Kanisani wote wanajua unakokwenda. Si mimi niliyewaambia, ni shangazi yako. Mimi nilimwonyesha barua ya chuo tu.

Nyumba usisaini mkataba wa mwaka mzima kabla hujauliza ukiondoka katikati unalipa nini. Kitanda nunua kilichotumika, hujui utalala hapo misimu mingapi. Unga wa muhogo nimeuweka kwenye ndoo ya bluu, ufunike, kule kuna joto. Chumba chako mdogo wako anakitaka. Nimemkatalia mpaka Desemba tuone.

Baba yako anasema tairi la nyuma kulia linapungua upepo. Pita kwa fundi kabla ya kuingia barabara kuu, pesa iko chini ya redio.

Mama yako