Kabla dizeli haijatuacha: barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Tunaokuandikia ni mafundi wa mashine za kusaga, pampu za maji na umeme wa vijijini. Tunalo swali moja: je, mafuta yakipungua duniani, nchi hii itaendelea kula, kunywa maji safi na kufikisha mazao sokoni? Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti kwamba dizeli iondolewe mapema kwenye kazi ambazo umeme unaziweza, ili ile kidogo itakayopatikana ibaki kwa kazi ambazo umeme bado hauziwezi. Kazi ya kwanza ya kuanza nayo ni kusaga nafaka.

Wengi wanadhani mafuta yatakwisha kama maji ya mtungi, siku moja unatikisa, kimya. Kwa nchi inayonunua, mambo huja kwa njia nyingine. Tazama Indonesia. Ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, visima vyake vikazeeka huku watu wake wakiongeza magari na pikipiki, ikafika mahali inakunywa zaidi ya inachochimba, na mwaka 2008 ikatangaza kujitoa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje. Visima vyake havikuwa vimekauka, ila kwa wateja wake wa ng'ambo vilikuwa kama vimekauka. Mwenye kisima hunywa kwanza. Sisi tuko mwisho wa foleni hiyo, kwa sababu tangu kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kilipoacha kusafisha mafuta ghafi, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kila lita ya dizeli inayouzwa nchini inashuka melini ikiwa imeshasafishwa na watu wengine, na inalipiwa kwa dola.

Kwa hiyo upungufu utatufikia kwa sura ya bei, ya dola na ya meli iliyochelewa. Dalili tumeshaziona. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Serikali ilibidi itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mwaka uliofuata kukawa na vituo vilivyokauka wakati waagizaji wakihangaika kutafuta dola. Na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga halibadilishi hesabu hii, maana litapitisha mafuta ghafi ya Uganda kwenda soko la nje. Trekta halinywi mafuta ghafi.

Cuba iliyapitia haya kwa ghafla. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta ya bei nafuu yalikatika. Matrekta yalisimama mashambani, wakulima wakarudi kwa maksai, Serikali ikaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China, na viwanja vitupu vya Havana vikageuzwa bustani za mboga. Jamii haikusambaratika. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wapatao 50,000 walipata maradhi ya mishipa ya fahamu, wengine wakapoteza nuru ya macho, na lishe duni ilikuwa sehemu kubwa ya chanzo. Hiyo ndiyo gharama ya kuanza kufundisha ng'ombe kuvuta plau siku ambayo tangi limeshakauka. Tena Cuba iliendelea kutegemea mafuta kuzalisha umeme, na Oktoba 2024 gridi yake nzima ilizimika.

Hapo ndipo tunapowazidi. Umeme wetu wa gridi unatoka zaidi kwenye maji na gesi ya Songo Songo na Mtwara. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Nguvu ipo. Inayokosekana ni mita chache za mwisho, kutoka kwenye transfoma hadi kwenye puli ya mashine, na hapo ndipo tunaomba utusikilize kwa makini.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10. Injini ndogo ya silinda moja ikiwa nzima inafikisha kama yuniti 3 kwenye mkanda. Zilizobaki zinatoka kwenye ekzosi na kwenye maji ya kupoozea. Mota nzuri hufanya kazi ileile kwa yuniti 3 na theluthi. Kwa bei ya msingi ya shilingi 292 kwa yuniti, hata ukiweka kodi na tozo, hizo hazifiki shilingi 1,300. Dizeli tangu katikati ya 2022 imekuwa karibu wakati wote juu ya shilingi 2,500 kwa lita. Mwenye mashine anazijua hesabu hizi vizuri kuliko sisi. Kwa nini basi injini bado zinanguruma vijijini, tena chini ya nyaya za umeme?

Sababu ya kwanza ni fezi, yaani idadi ya nyaya zenye umeme zinazofika kwa mteja, moja au tatu. Mashine ya kawaida ya nyundo, ile inayovunja punje kwa vyuma vinavyozunguka, inataka mota ya hosipawa 15, yaani kilowati 11, na mota ya ukubwa huo hutumia fezi tatu. Vijiji vingi vimefikishiwa fezi moja, kwa kuwa waya ni chache na nguzo ni nyepesi. Taa zinawaka na simu zinachajiwa, na kwenye taarifa kijiji kinahesabiwa kuwa kimepata umeme, huku mashine ikibaki kwenye dizeli. Mashine ya kusaga ndiyo kiwanda cha kijiji. Laini ambayo haiifikii haijamaliza kazi yake.

Sababu ya pili ni kuwasha. Mota ya kilowati 11 ikiwa kazini hula ampia kama 22. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya hizo, yaani ampia 130 hadi 150 kwa sekunde chache. Transfoma ndogo ya kVA 50 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa transfoma) uwezo wake ni ampia 72 tu kwa kila fezi. Taa za kijiji zinafifia, friji ya zahanati inazima, na majirani wanapeleka malalamiko TANESCO. Dawa yake ni stata, kifaa cha kuwashia, ya nyota na pembetatu, ile tunayoiita sta-delta: mota huanza kwenye nyota, na mvuto huo hupungua hadi theluthi moja, kisha huhamia delta, yaani pembetatu, ikishika mwendo. Mota iwashwe tupu, na mahindi yamiminwe baada ya kubadili kwenda delta. Anayewasha huku sinia ya juu imejaa nafaka atachoma mota, na lawama itakwenda kwa umeme.

Ya tatu ndiyo inayoua mota nyingi kuliko zote: fezi moja inapotea, fyuzi ya kwenye nguzo ikiungua au kiungo kikilegea. Mota iliyokuwa ikizunguka haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili, inavuta umeme karibu mara moja na robo tatu ya kawaida, na ndani ya dakika chache nyaya zake zimeungua. Kuisuka upya ni gharama kubwa, na siku zote hizo kijiji kinatwanga. Rilei ya kukosa fezi, swichi inayojikata yenyewe fezi ikipotea, ingeizima kwa sekunde, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kusuka mota. Ovalodi, kinga inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi, nayo iwepo, na irekebishwe kufuata ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Mtindo wa kuiongeza kila inapokata, ili kazi isisimame, ni kumziba mlinzi mdomo. Tunaomba vifaa hivi viwili viwe sharti la kuunganishiwa fezi tatu, na mkaguzi asipoviona asifunge mita.

Volti za mwisho wa laini nazo ziangaliwe. Panapotakiwa volti 400 zikifika 340, nguvu ya mota ya kuzungusha inashuka hadi kama asilimia 72. Inajikokota, inapata joto, inaungua polepole. Transfoma isogezwe karibu na mashine, isiwekwe karibu na ofisi ya kijiji kwa sababu tu ndiko mgeni rasmi atakakokata utepe.

Kisha kuna kosa dogo la mafundi wenzetu linaloharibu sifa ya mpango mzima. Injini ndogo za dizeli nyingi huzunguka mara 2,200 kwa dakika, na mota ya kawaida mara 1,450. Fundi akiing'oa injini na kuhamishia puli yake ya inchi 6 kwenye mota, kinu kinazunguka kwa theluthi mbili ya mwendo wake. Nyundo hazina tena nguvu ya kuvunja punje, chekeche linaziba, unga unatoka mkubwa mkubwa na wa moto, na akina mama wanarudi kwenye mashine ya dizeli ya kijiji cha pili. Kinachotakiwa ni puli ya inchi 9 kwenye mota, na mikanda mipya ya urefu unaolingana, yote kwa pamoja, maana ukichanganya mipya na ya zamani ile mipya inabeba mzigo peke yake na kukatika.

Dizeli itakayookolewa ina kazi. Mashine inayokula lita 10 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, inakula lita 3,000. Trekta hutumia lita 7 au 8 kulima ekari moja kwa mara ya kwanza, kutegemea udongo. Mashine moja tu ikihamia kwenye umeme imeachia mafuta ya kulimia ekari 375 au zaidi, na kwa trekta hatuna mbadala wa umeme ulio tayari. Mbadala uliopo ni maksai, ambao Shinyanga, Simiyu na Tabora hawajawahi kuwaacha. Jozi iliyofundwa hulima nusu ekari hadi ekari moja kwa siku ikianza alfajiri. Wasidharauliwe kwenye mipango, na wahunzi wanaotengeneza ncha za plau wasiachwe wafe na ufundi wao.

Pampu za bustani za inchi 2 na 3 zinazotumia petroli zinafuata, nazo sola inaziweza vizuri mchana, mradi pampu iwe karibu na maji, maana kuvuta kutoka chini zaidi ya mita 7 hakuna pampu ya juu inayoweza, iwe ya petroli au ya jua. Bodaboda za umeme zimeshaanza. Kwa hizo tunaomba jambo moja tu, volti na plagi ya betri viwe vya aina moja kwa kampuni zote, ili kituo kimoja kihudumie wote. Mizigo ya mbali ihamie kwenye reli ya umeme kila inapofika. Na tusisahau kwamba lami nayo ni zao la mafuta: barabara za kijiji za changarawe na mawe zinahitaji watu wanaojua kuzitengeneza.

Kuhusu akiba ya mafuta, wahenga walisema akiba haiozi. Ya dizeli huoza. Baada ya miezi 6 hadi 12 hubadilika, na unyevu unaogeuka maji ndani ya tangi hukaa chini, wadudu wadogo wakazaliana pale maji yanapokutana na mafuta. Ute mweusi wanaouacha huziba chujio na kuua nozeli. Akiba ya Taifa iwe inazungushwa: magari ya Serikali yatumie ya zamani, mpya iingie nyuma yake, maji yatolewe chini ya tangi kila wiki, na tangi lisikae nusu. Pamoja na akiba hiyo, itangazwe sasa, wakati hakuna foleni, orodha ya nani anapewa kwanza mafuta yakiwa haba. Sisi tungeweka magari ya wagonjwa na jenereta za hospitali, kisha pampu za maji ya kunywa, matrekta msimu wa kulima, malori ya chakula. Orodha inayotungwa siku ya foleni huandikwa na mwenye nguvu.

La mwisho, Mheshimiwa. Injini za zamani zisiuzwe chuma chakavu. Ukame umeshatunyima umeme, na utarudi. Kila mashine iliyohamia kwenye umeme ibakishe injini yake kwenye msingi wake upande wa pili wa kinu, ifunikwe, mafuta ya injini yabadilishwe, na iwashwe dakika 15 kila mwezi. Fundi mmoja ataweza kuhamisha mikanda ndani ya saa moja. Na puli yake ya inchi 6 ifungwe kwa waya palepale kwenye injini, isije ikapotea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa mashine za kusaga, pampu na umeme wa vijijini