Mpiga picha wenu nilimkosea, ila jina lake silijui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, na safari hii si kulalamika kama kawaida yangu, au tuseme kulalamika kupo ila kuko mbele huko, kwanza nina deni la kuomba radhi.

Mwaka juzi mlitoa picha ya wazee wawili wa mkonge wamesimama mlangoni mwa ghala, imepigwa kutokea ndani. Nje kule nyuma yao kweupe pee, mashati yao unayaona mpaka vifungo, ila nyuso hamna kitu, nyeusi tii, macho huoni, mdomo huoni, yaani kama mtu kakata karatasi nyeusi akabandika juu ya kola. Mmoja wa wale wazee ni jirani yangu hapa Ngamiani, siku ile alizunguka mtaa mzima na gazeti kwapani akionesha watu na kila anayeoneshwa anamuuliza, "Sasa wewe hapa ni yupi mzee?" Mi nikapandwa na hasira nikawatumia meseji kwenye namba yenu ya wasomaji, nikaandika mpiga picha wenu ni kipofu na sijui kamera mlimpa ya nini. Hamkuichapa na mlifanya vizuri.

Mwaka jana nikanunua kamera na mimi. Nikon D3200, ya mtumba, nimeichukua Kariakoo kwa kijana mmoja laki nne na nusu, na lenzi yake ile ndogo ya 18-55, begi na chaja. Ni toleo la 2012, megapikseli 24, nikajiona nshakuwa mtu. Nikamuuliza yule kijana inatumikaje akazungusha kile kigurudumu cha juu akaniambia, "Weka hapa kwenye oto bro, inapiga yenyewe." Nikamwamini. Kwenye basi kurudi Tanga nilikuwa napiga tu dirishani, wauza machungwa wa Muheza, mabango, kichogo cha konda, na kwenye kile kioo cha nyuma kila kitu kilionekana kizuri kwa sababu kioo chenyewe ni kadogo na mimi nilikuwa na furaha.

Balaa ilikuja kwenye ndoa ya mtoto wa dada yangu. Ilishasambaa kwenye ukoo kwamba mjomba kanunua kamera ya kitaalamu, hivo mpiga picha wa kukodi akafutwa kwenye bajeti bila mimi kuulizwa. Ndoa ikafungwa baada ya Adhuhuri, tukatoka nje ya msikiti, na ilikuwa mwezi wa kumi, huku kwetu mwezi huo jua linapita utosini kabisa kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, macho ya mtu yanabaki mashimo mawili. Bwana harusi kanzu nyeupe, joho jeusi, ukuta nyuma umepakwa chokaa juzi tu. Nikapiga. Kanzu ikatoka ya kijivu kama haijafuliwa, uso hakuna. Nikaona labda niko mbali, nikasogea mpaka uso na joho vikajaa fremu nzima, sasa uso ukaja umepauka kama kijana kapakwa majivu. Nimepiga kama mia tatu hivi, zote ni hizo aina mbili. Jioni dada kachukua kamera akapitisha picha moja moja akaniangalia akasema, "Kaka, mwanangu yuko wapi hapa?"

Mhariri hapo ndo nikaikumbuka ile meseji yangu.

Kuna mzee mmoja huku kwenye barabara za namba alikuwa na studio zamani, enzi za filamu, ile yenye pazia lililochorwa bustani na ngazi. Nikaenda kwake na kamera yangu na aibu yangu. Akaangalia picha za ndoa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kamera umeiambia nini?" Nikamjibu sijaiambia kitu, mzee, iko kwenye oto. Akasema basi yenyewe ndo ikaamua, na yenyewe haijui bwana harusi ni nani na ukuta ni nani.

Alivyonielewesha ni hivi, na naomba mniachie nieleze maana nimeshindwa kupata mtu anaeleza kwa Kiswahili, hata menyu ya hiyo kamera lugha zimejaa humo za kila bara lakini Kiswahili hakimo. Ndani ya kamera kuna kipimo cha mwanga, na hicho kipimo kimefundishwa kitu kimoja tu, kwamba unachokipiga ukikichanganya chote pamoja kinatakiwa kitoe kijivu cha katikati. Si cheupe si cheusi, kijivu. Kwa hiyo ukikipa ukuta wa chokaa na kanzu kinasema duh mwanga mwingi, kinapunguza, ukuta unakuwa kijivu na uso wa mtu uliokuwa giza tayari unazama kabisa. Ukikipa uso mweusi na joho jeusi peke yake kinasema giza hapa, kinaongeza, uso unapauka. Kipimo hakijaharibika, kinafanya kilichoagizwa. Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama ya jumlisha na kutoa, kipo karibu kabisa na pa kubonyezea, unatoka kwenye oto unaenda kwenye A, hapo tundu la lenzi unachagua wewe na muda inachagua kamera, unakishikilia hicho kitufe huku unazungusha gurudumu. Nyuma kweupe, jumlisha moja au hata mbili, anga likiungua liungue, hukuja kupiga anga. Uso mweusi umejaza fremu, toa kidogo. Nusu mwaka nimetembea na kile kitufe sijui ni cha nini!

Akaniongezea na njia yake ya zamani, ukiwa huna uhakika pima kiganja chako kwenye mwanga uleule alioko mtu wako, kisha ongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili, maana viganja vya watu havipishani sana, awe mweusi awe Mzungu. Nimejaribu. Inakubali.

Halafu akanipa stori ya poda. Kwenye studio yake kopo la poda lilikuwa halikosekani pale kwenye kioo, watu wakidhani ni urembo kumbe ilikuwa ni kuisaidia filamu ione. Mpwa wangu anayesoma chuo akanionesha baadaye kwamba mzee hakuwa anabuni. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, wale wa filamu, walikuwa wanasambaza kwenye maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, picha ya mwanamke wa Kizungu, wakiita kadi ya Shirley, ngozi ya Shirley ikitoka sawa basi mashine iko sawa, wengine mtajijua. Na inasemwa filamu zilipoanza kuboreshwa kwenye rangi za giza, waliopiga kelele zaidi walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kwanza bwana. Kamera za siku hizi za dijitali si filamu, zinaona vizuri tu, ila kijivu ni kilekile na lazima mtu aikatalie mashine.

Basi nikaanza shule. Sitaki niwachoshe na kila kitu ila mengine lazima niseme. Zile namba za apecha, yaani tundu la lenzi la kupitishia mwanga, kwamba f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni tundu dogo, zilinitesa wiki mbili mpaka mzee akaniuliza nusu mkate na robo mkate upi mkubwa, ni sehemu hizo, za kugawanya, nikaona kumbe sikuwa mjinga nilikuwa nasoma tu vibaya. Akanipa na ile ya jua kali, f/16 na shata, yaani muda kamera inaofunguka, sawasawa na ISO, ile namba ya wepesi wa kuhisi mwanga, ISO 100 basi shata 1/100 au 1/125 ya sekunde hapo, bila kipimo chochote, wao walikuwa wanaijua kwa kichwa na ilikuwa inakuja imeandikwa na filamu yenyewe. Filamu picha 36 ndo basi, kila ukibonyeza ni hela. Mimi na kadi yangu ya GB 8 napiga mia tatu za ovyo, akiniangalia naona kabisa anataka kunipiga kofi.

Nikanunua na lenzi ya pili kwa tamaa, 50mm f/1.8, ile ya herufi D, ya bei rahisi. Nimefika nayo home naiweka, kamera inaandika fEE na haipigi. Nikajua nishaibiwa. Kumbe pete ya apecha kwenye lenzi lazima uizungushe mpaka kwenye namba ya mwisho, 22, uifunge hapo. Nikafunga, ikapiga, ila sasa haifokasi, yaani haitafuti yenyewe picha iwe kali, nabonyeza inakaa kimya kama imenuna. Kumbe D3200 haina mota ya fokasi ndani yake na lenzi hiyo nayo haina, kila mmoja anamtegemea mwenzie. Hakuna aliyeniambia dukani, na muuzaji alikuwa anaiona kamera yangu iko shingoni. Leo nafokasi kwa mkono, kuna kinukta cha kijani mle ndani kinawaka ukipatia, na kusema kweli nimeipenda kuliko ile nyingine kwa sababu inanilazimisha nisubiri.

Jioni nakaa barabarani napiga baiskeli, Tanga kwa baiskeli mnatujua. Shata 1/30, mwendesha baiskeli akipita namfuata na kamera taratibu kwa mwendo wake huku nabonyeza, yeye anatoka kasimama na kuta zote nyuma zinakuwa mistari. Kwa kila picha moja iliyokubali kuna kama sitini za kufuta, na mwanga mzuri wenyewe ni waja leo waondoka leo, dakika ishirini hivi giza. Asubuhi naenda Deep Sea samaki wanaposhushwa. Kule nako somo lake ni jingine. Siku ya kwanza nimenyanyua tu kamera baba mmoja akaniambia, "We kijana, hiyo unatupeleka kutuuza wapi?" Nikaishusha. Nimekwenda siku tatu bila kupiga, nanunua dagaa na kusalimia tu. Siku ya nne yeye mwenyewe ndo aliniita nimpige na mwanae. Nikamsafishia nikampelekea, sasa hivi nikichelewa wananiuliza nilikuwa wapi.

Sasa narudi kwenye ile picha yenu. Leo najua mpiga picha wenu angeweza kujumlisha mbili, au angewaambia wale wazee wageuke kidogo mwanga uwapate shavuni, au angewasha flashi. Lakini najua na mengine. Najua labda alikuwa na dakika moja, mgeni rasmi anaingia kwenye gari na dereva wa ofisi anapiga honi. Na kijana mmoja wa kiwanda cha uchapaji kaniambia wino kwenye karatasi ya gazeti unasambaa, kila kivuli kinatoka giza zaidi ya kilivyokuwa kwenye kompyuta, kwa hiyo inawezekana kwenye kioo chake wale wazee walikuwa wanaonekana vizuri tu na aliyetakiwa kusemwa kakaa kwenye kiyoyozi anapanga kurasa. Mimi nilimwita kipofu mtu ambaye pengine aliona vizuri kuliko wote.

Nikataka nimwandikie yeye mwenyewe nimwombe radhi. Nikaenda kwa jirani yangu, lile gazeti kalitunza mpaka leo, nikaangalia chini ya picha. Imeandikwa "Na Mpiga Picha Wetu." Nikakusanya magazeti yenu ya wiki nzima, habari ya ukurasa wa mbele ina majina mawili ya waandishi na mkoa, picha iliyoshika nusu ya ukurasa huohuo "Mpiga Picha Wetu", na nyingine ndo kabisa, "Picha: Mtandao". Mhariri, mtandao haujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mtandao haujaulizwa unatupeleka kutuuza wapi. Kuna mtu alisimama mahali akashika pumzi akabonyeza, na akikosea kama alivyokosea, au kama mlivyomkosea nyinyi, basi na lawama zimfikie kwa jina lake, sio mimi nawatukana nyinyi wote kwa mkupuo. Ni maneno mawili tu chini ya picha, hayali nafasi ya tangazo.

Nimeambatanisha picha moja. Ni yule yule mzee jirani yangu, mlangoni kwake jioni, kavaa shati lilelile maana alisisitiza. Si ya kuchapa, ni ya kumpa huyo mpiga picha wenu kama bado yupo hapo ofisini. Nyuma nimemwandikia: 50mm, f/4, shata 1/250, ISO 200, jumlisha moja. Naona kama jicho la kushoto fokasi imepita kidogo ikaangukia kwenye nyusi, yeye ataliona mara moja, naomba aniambie.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga